Mke Mwenza Mwenye Mabawa

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia kahawa za juu mpaka mgongo ukagoma. Mume wangu Gotfrid hayupo, huu mwezi sasa. Yuko Mbaha, ziwani, anamhudumia yule. Yule ni ndege ya kivita, jeti, imestaafu kama yeye. Wilaya imepewa iisimamishe ufukweni, wanafunzi na wageni wawe wanaitazama. Wakatafuta fundi aliyewahi kuitengeneza enzi za jeshi, wakampata huku Namswea kashika jembe. Aliondoka kesho yake asubuhi, amenyoa ndevu. Mimi nikitaka anisindikize hospitali, kwanza soksi hazionekani.

Jumatano, 5 Machi
Majivu. Nimepakwa peke yangu.
Jioni kapiga simu. Mkia, kutu, riveti, rangi. Injini iliondolewa zamani, mahali pake nyigu wamejenga, na panya wamezaa. Alikuwa anacheka wakati anasimulia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mtoto wetu wa mwisho aolewe. Goti langu linaloniuma hakuliuliza.
Nina wivu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi Adelina kapita na ndizi. Kakaa, kala, halafu kanichoma. Kumbe mafundi kule kambini walikuwa wakiita ile ndege Bibi Harusi. Ilikuja mpya, nyeupe, kijana Gotfrid akapewa aitunze. "Kaka hajawahi kukwambia, wifi?" Hajawahi. Miaka yote ya ndoa, hajawahi. Ananiambia mpaka ndoto zake za meno kung'oka, lakini hili alilimeza.
Adelina anasema haikupigana popote. Ilikuwa ya kufundishia, viti viwili, mwalimu nyuma na mwanafunzi mbele. Marubani wote wakubwa walijifunzia humo. Baadaye ikazeeka, ikasukumwa pembeni mwa uwanja, majani yakaota mpaka kwenye matairi. Gotfrid alipostaafu aliiacha hapo.
Nilitamani iwe imeua watu. Ningepata sababu ya kuichukia.

Jumapili, 9 Machi
Misa ndefu. Baada ya misa nikampigia. Kaniambia kwa sauti ya chini, ile anayotumia akivunja kitu. Wamemwomba abaki kuwa mwangalizi wa ndege. Moja kwa moja. Kuna chumba karibu na uwanja wa shule ya pale pale ufukweni, kuna kitanda. Anatakiwa ajibu mwisho wa mwezi.
Nikamwuliza, na mimi?
Kasema tutaongea.
Chumba na kitanda. Huko ndiko kuoa.

Alhamisi, 13 Machi
Shamba la ngolo, kile kilimo chetu cha mashimo mlimani, linaninyima usingizi. Alifyeka kabla ya kwenda, majani yamekauka vizuri, yanangoja kupangwa. Kupanga ni kazi ya mwanaume: anayalaza kwa mistari inayokatana, yanakuwa vyumba vyumba mlimani kote. Mke ndiye anachimba katikati ya kila chumba, anafunika majani kwa udongo, anapanda maharage. Bila mistari ya mume sina pa kuanzia. Majirani wote wameshachimba. La kwangu limelala, kila anayepita njiani analiona.
Nimempigia. Anasubiri rangi ikauke. Rangi!

Jumamosi, 15 Machi
Leo nimefanya jambo.
Benno, jirani yetu mgane, alipita akasimama ukingoni mwa shamba. Akasema, "Dada, mvua haitakungoja. Nikupangie?" Angetaka kulipwa ingekuwa kibarua, watu wangenyamaza. Hakutaka kulipwa. Mwanaume anayempangia majani mke wa mtu bure, huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Na mimi najua. Nimezaliwa hapa.
Nikasema, "Panga."
Kapanga robo ya shamba. Mistari imenyooka kuliko ya Gotfrid. Nimempikia ugali na mbasa wa kukaanga, samaki mkavu aliyetumwa kutoka ziwani na Gotfrid mwenyewe. Nilifurahi kumtazama akila.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani macho yote kwangu. Adelina hakunipa mkono wakati wa amani. Najua simu imeshapigwa Mbaha.
Nimesali, lakini si sana.

Jumatatu, 17 Machi
Kaja. Bodaboda kutoka Mbinga mjini, matope mpaka magotini, rangi ya kijivu kwenye kucha. Hakunisalimia. Alipitiliza moja kwa moja shambani. Nilisimama kwenye kahawa nikamwangalia akikusanya majani yote ya Benno na kuyatupa chini kwenye mteremko, kisha akaanza upya. Hakula mchana. Anapanga kama mtu anayegombana na mlima.
Usiku kanipa mgongo. Mimi pia.
Ana wivu, jamani. Na umri ule! Mungu anisamehe, nimefurahi kuliko siku ya Noeli.

Jumatano, 19 Machi
Amemaliza. Mistari imepinda kule juu, nimeiacha hivyo hivyo. Nimeanza kuchimba.
Ugomvi umekuja wakati wa chai. Kasema nimemwaibisha. Nikasema yeye aliniaibisha kwanza, tena kwa bati. Kasema ile si bati. Nikasema Bibi Harusi basi. Akaweka kikombe chini. Kasema hakuniambia jina lile kwa sababu alijua nitakasirika, na sasa nimekasirika, kwa hiyo alikuwa sahihi. Nilitaka kumpiga na mwiko.
Halafu kasema: njoo uione. Ukiiona ukisema nirudi, nitarudi. Jumamosi nitawajibu.

Jumamosi, 22 Machi
Mbaha. Joto. Ziwa jeupe kama sufuria.
Nilijiandaa kuona dude kubwa. Ni dogo. Lingeingia kwenye ukumbi wa parokia na nafasi ikabaki. Limesimama juu ya nguzo za chuma maana matairi yamekufa. Upande mmoja umepakwa rangi, upande mwingine bado una mabaka. Kioo cha rubani kimepasuka.
Nilitaka liwe baya. Ni zuri.
Gotfrid alipanda ngazi akaanza kufuta pua ya ndege kwa kitambaa chenye mafuta. Polepole. Hajawahi kunishika uso hivyo, au aliwahi nimesahau. Wivu ulinipanda. Kisha nikaona mgongo wake. Nyumbani anatembea ameinama. Pale juu alikuwa amenyooka kabisa, kijana wa picha ya ndoa yetu.
Kaniita nishike ndoo. Kanionyesha vitundu tumboni vya kutolea maji ya mvua. Waliotangulia waliviziba kwa rangi, wakidhani wanaitunza, maji yakawa yanaiozesha kwa ndani. Anavizibua kimoja kimoja kwa waya. Nilishika ndoo. Yalitoka maji meusi, yananuka.
Mwalimu mkuu wa shule ndiye anayesimamia. Alikuja, akatusalimia, akataka jibu. Gotfrid hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi.
Neno "rudi" lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nililibeba tangu Namswea.
Nikasema: "Tugawane zamu, kama wake wawili. Msimu wa kufyeka, wa kupanga majani na wa kuchuma kahawa ni zamu yangu. Siku nyingine aje kwa huyu."
Mwalimu alicheka, akidhani natania. Gotfrid hakucheka; alimwambia aandike hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Machi
Nimerudi peke yangu. Nimechimba upande uliopinda. Benno kapita, kanisalimia kutoka mbali, kaendelea na safari yake. Nilimhurumia. Lakini sikumwita.

Jumamosi, 12 Aprili
Maharage yameota, hata kule kwenye mistari iliyopinda. Nimechuma matawi ya misa ya kesho.
Mchana mvua kubwa, na upepo kutoka upande wa ziwa. Nikampigia Gotfrid. Sikuuliza kama amekula. Niliuliza kama wamemfunika kile kioo kilichopasuka, yule asije akalowa ndani. Kasema wamemfunika turubai.
Nikasema vizuri, nikakata simu.
Bado simpendi yule wa ziwani. Ila alowe kwa nini.