Toa Kitambaa, Akinyi

Mpendwa mshauri Mama Mokami, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana Jumamosi hiyo wazee wa upande wa mume wangu wanakuja hapa Nyangoto kunichukua nikarithiwe na shemeji yangu Olima, na mimi mpaka leo sijajua kama anayelitaka jambo hilo ni Olima au ni marehemu mwenyewe, na nikikosea hapa nimejikosea mimi na binti zangu wawili maisha yetu yote.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina miaka thelathini na minne. Mume wangu Orwa, mimi nilizoea kumwita Baba Vivian, alikuja huku wakati wa rashi ya dhahabu kama wanaume wengine, watu walikuwa wanatoka Rorya, wengine Geita, wengine ng'ambo Kenya, unaacha shamba la mahindi unaenda kanisani ukirudi unakuta maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Alipata kidogo, akajenga, akaninunulia kompyuta ya mezani yenye kamera juu ya kioo, akasema mke wa Orwa hawezi kuandika mitihani kwa mkono. Mwaka jana mwezi wa tatu duara likawaangukia. Walichimba kifusi siku kumi na moja, wenzake watatu walitolewa, yeye hakuonekana hata kiatu. Wazee wakasema basi, wakachuma tunda la yago, wakalizika kwao Rorya badala ya mwili, ndivyo sisi Wajaluo tunavyofanya mtu akipotea asionekane. Mimi nililililia tunda, Mama Mokami, na nikitazama pembeni naona watu wanaona aibu kunitazama.

Olima ni mdogo wake, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale Sirari. Ndiye aliyepiga picha za mazishi, baadaye akaja na flashi akaziweka kwenye faili lenye jina la marehemu, humo humo zilimo picha zetu za zamani na video ambazo Baba Vivian alikuwa anarekodi hapa nyumbani. Picha thelathini na moja zilifunguka. Ya tunda likishushwa kaburini ilikataa, nikaibonyeza mara tatu, kioo kikapepesa, kikawa cheusi kidogo, kikarudi. Nikasema moyoni labda yago halipendi kupigwa picha, nikaacha.

Baada ya wiki mbili taa ndogo ya kamera ikaanza kuwaka yenyewe, wala si usiku, ni mchana kweupe, saa nane nikitoka shule, jua linawaka, kuku wanadonoa uani. Siku moja niliacha mlango wazi, nikasikia kwenye spika mtu anakohoa, ni kikohozi cha Baba Vivian kabisa, kile cha vumbi la mwamba, kisha sauti yake ikasema, "Mlango, Akinyi, mlango," na nyuma yake mbwa wetu Popi akibweka, na huyo Popi alikufa kabla ya Baba Vivian. Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikafunga mlango. Imetokea mara nne sasa, kila mara nikiacha mlango wazi, maneno ni yale yale na kikohozi ni kile kile.

Nikaona nisiendelee kutazamwa, nikaning'iniza kitambaa cha kufuma juu ya ile kamera. Kesho yake naandika mtihani wa watoto, mara ukurasa mtupu ukafunguka wenyewe, herufi zikaanza kujiandika moja moja, polepole, kama alivyokuwa akichapa yeye kwa kidole kimoja: "Toa kitambaa, Akinyi." Nilitoa. Niliomba radhi kwa sauti, peke yangu sebuleni. Tangu siku hiyo anaandika mara kwa mara, kwamba ana baridi, kwamba kiti chake kisikae kitupu, kwamba Olima akikae.

Mwalimu mwenzangu Simon nilipomweleza alicheka, akasema hivyo ni virusi vya kompyuta, pakua antivirusi za bure. Mimi si mtu wa kuamini neno la kwanza, nikapakua tatu, nikachukua daftari nikachora safu tatu kama ninavyosahihisha watoto. Ya kwanza ina alama ya ngao ya kijani, ilipekua dakika nne ikasema hakuna kitu, kompyuta yako ni salama. Ya pili ina alama ya jicho, ilichukua saa moja na nusu, ikasema kuna kitu kimoja, ndani ya faili la marehemu, kwenye ile picha iliyokataa kufunguka, ikaniuliza nifute au niruhusu. Sasa mshauri, kwetu mjane hatupi kitu cha marehemu kabla wazee hawajakaa kugawa vitu vyake, hata ndala zake zilizokatika bado ziko mlangoni, na mimi niliona nikifuta picha ya kaburi nitakuwa nimemfukia mara ya pili, nikabonyeza ruhusu. Ya tatu ina alama ya kufuli, ikapiga kelele, kioo chote chekundu, imekuta vitu sitini na tatu na inataka nilipie ndipo iviondoe.

Nikarudia Jicho mara tatu wiki hiyo, na lenyewe likaanza kusema salama. Nikajumlisha, mbili zinasema hakuna kitu, moja ni mwongo anayetaka hela. Basi si virusi, ni Baba Vivian. Na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kuna siku naacha mlango wazi makusudi, ili nimsikie.

Olima hanilazimishi, anaongea kwa upole, anasema, "Shemeji, kaka hatatulia mpaka nyumba iwe na mtu." Mimi simpendi Olima na simwogopi Olima, ninayemwogopa ni huyu aliye kwenye kioo. Nina dada yangu Dorka kule Manchira, naweza kuchukua watoto nikaenda kwake, lakini je, akinifuata? Nikikataa Jumamosi, nitakuwa nimemkataa nani? Nisaidie, gazeti lenu tunalipata shuleni kila Jumatano.

Akinyi, Nyangoto.

JIBU

Mwanangu, marahaba. Pole sana. Majina yenu nimeyabadilisha, namba ya simu hukuniachia, kwa hiyo nakujibu hapa hapa mbele ya watu, na huyo mwingine naye alisome, sina shida.

Kulilia tunda si aibu. Ulikuwa unamlilia mumeo, na wasiojua hilo waache na macho yao.

Sasa kaa nikugombeze. Wewe ni mwalimu, mtihani gani uliwahi kuusahihisha kwa kura? Nimempelekea barua yako fundi mmoja ninayemwamini, mzee Hezekia wa Tarime mjini, akaisoma mara mbili kisha akaniomba maji. Anasema hivi. Ngao yako ya kijani huenda haijui kirusi hicho, maana programu hizi zinajua kile zilichofundishwa tu, na kama hujaisasisha, inatafuta wezi wa mwaka juzi. Dakika nne! Hata kuku hupekua jalala kwa muda mrefu zaidi. Kufuli lako lenye sitini na tatu linahesabu kila takataka ili uogope ulipe, na wingi wa kelele si ushahidi wa macho. Tena umeziweka zote tatu kwa pamoja kwenye mashine moja, zinakabana zenyewe kwa zenyewe. Ungeweka moja, ukaisasisha, ukapekua, ukaiondoa, ndipo ukaweka nyingine. Huko ndiko kulinganisha.

Lakini Jicho lilifanya kazi yake, Akinyi. Lilikuta kitu kimoja, likakwambia kiko wapi, likakuuliza. Wewe ukalijibu liruhusu. Tangu hapo halikusema salama kwa sababu ni salama, lilinyamaza kwa sababu ulilinyamazisha wewe. Heshima yako kwa marehemu naielewa, mimi pia ni mjane na koti la mume wangu lilikaa msumarini miaka miwili. Ila ile haikuwa picha, ilikuwa kirusi kinachomwezesha mtu kuitawala kompyuta yako akiwa mbali. Mtu aliyekuwekea alijua mjane wa Kijaluo hatafuta kitu kilichoandikwa jina la mumewe. Ndiyo maana alikiweka humo.

Twende kwa Popi. Wewe ulimsikia mbwa aliyekufa ukasema sauti inatoka kuzimu. Mimi nasema sauti inatoka siku ile mbwa alipokuwa hai. Ni moja ya zile video, mumeo anarekodi, anakohoa, anakwambia ufunge mlango, mbwa anabweka. Ndiyo maana maneno hayabadiliki. Kuna mtu anayekuangalia kwa ile kamera, na akiona mlango uko wazi, anaipiga.

Na kitambaa. Hebu fikiri kidogo, mwanangu. Mtu aliyepita kwenye kifusi chote kile akarudi nyumbani kwake, azuiwe na kitambaa cha kufuma? Aliyekuomba ukitoe ni mtu anayehitaji kamera ili akuone.

Sasa nitakueleza jambo ambalo limenifanya nisilale vizuri tangu Ijumaa. Barua yako uliiandika kwenye kompyuta hiyo hiyo, ukaituma kwa barua pepe. Kwa hiyo aliisoma kabla yangu. Saa mbili baada ya hiyo kuingia, ilikuja ya pili kutoka anuani yako hiyo hiyo, imesainiwa Akinyi, fupi kabisa. Nainukuu yote: "Sahau barua ya kwanza. Nimeamua kwa hiari yangu kukaa na Olima. Usiichapishe. Marehemu kaka sasa atapumzika."

Wewe katika barua nzima umemwita mumeo Baba Vivian. Sijawahi kuona mwanamke wa Rorya, wa Tarime wala wa Serengeti anayemwita mume wake kaka. Mimi si hakimu na sitamtaja mtu, lakini kiti hicho anachotaka kukikalia, wewe na mimi tunajua ni nani anayemwita mwenye kiti hicho kaka.

Kwa hiyo uliniuliza, ukikataa Jumamosi utakuwa umemkataa nani. Utakuwa umemkataa aliye hai. Mumeo hajakuomba kitu chochote.

Fanya hivi, leo, ukimaliza kusoma. Usiende nyumbani peke yako, nenda na Simon, mwambie hakukosea. Chomoa modemu, chomoa waya wa umeme ukutani, usizime kwa kubonyeza, chomoa. Usifute chochote, kile kitu sasa ni ushahidi wako. Mashine yote ifungeni kwenye shuka muipeleke polisi, dawati la jinsia, pamoja na daftari lako la safu tatu na gazeti hili. Nywila zako zote badilisha kwa simu ambayo Olima hajawahi kuitengeneza. Kama aliwahi kuitengeneza yako, azima ya mtu.

Wazee wakija Jumamosi, wapokee, wape chai, waamkie kama inavyopasa. Kisha mbele ya mchungaji wako na walimu wenzako, wasomee barua hizi mbili kwa sauti, kisha nyamaza, waache wazee waulize wenyewe. Kurithiwa ni mpaka mwanamke akubali, na huko kukubali kwake hakuchukuliwi kwa kutishwa na sauti ya mumewe. Wazee waliomzika Orwa kwa heshima ile hawatafurahi kusikia kuna mtu anamfukua kila siku saa nane.

Kuhusu hizo video. Polisi wakishamaliza, mpelekee Hezekia azipekue, akutolee ile ya kikohozi, aiweke peke yake kwenye flashi mpya. Hiyo ni yako. Ukitaka kumsikia mumeo, utamsikia saa unayotaka wewe, na mlango utaufunga ukipenda.

Ukinijibu, andika kwa mkono, mpe dereva wa gari la Tarime aniletee ofisini.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, nikakwambia uende Manchira kwa dada yako. Nimefuta. Leo Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wewe uko darasani unaimba na watoto, imeingia barua ya tatu kutoka anuani yako. Ina mstari mmoja: "Umemwambia aende wapi?"

Sijaijibu. Usiende kwa Dorka, Manchira ameshaisoma kwenye barua yako. Chukua watoto, mpaka Jumamosi mlale mahali ambapo hujawahi kupaandika, na hata mimi usiniambie ni wapi.