Dumu la Mwanao na Mikono Yetu

Ghorofa ya Nne, Mlango wa Kushoto,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na nyumba yako yote haijambo? Kabla ya lolote nijibu habari ya mkono. Plasta imeshatolewa? Vidole vinakunjika? Uliponiandikia kwamba umeteleza bafuni lakini "si kitu, dada", nilijua ni kitu, maana wewe tangu utotoni ukisema si kitu huwa damu inatiririka. Fanya mazoezi waliyokupa, usijitie ushujaa.

Sisi huku wazima. Magoti yangu yanalalamika kila nikipanda ngazi, ila mdomo, kama unavyonijua, haujawahi kuumwa hata siku moja. Shemeji yako tangu astaafu anaisimamia redio kama alivyokuwa akisimamia karakana: haruhusu mtu kuigusa.

Habari kubwa ni ya mwanao, kifungua mimba wangu, injinia. Neno hilo nimeliandika taratibu ili likae vizuri kwenye karatasi. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu anayechora kitu, na kitu kikatoka kiwandani vilevile alivyokichora! Usinikataze kujisifu, nani mwingine atanisifia?

Mwaka jana kiwanda chao cha sabuni kilimpa kazi ya kubuni dumu jipya la sabuni ya maji ya kufulia, la lita sita. Akaniletea la mfano nyumbani ili nilijaribu. Mdogo wangu, nililinyanyua kwa mkono mmoja, nikalizungusha juu ya kichwa, nikacheza nalo hadi dirishani. Nikamwambia ni jepesi kama pamba. Naye akaandika kwenye ripoti yake kwamba limejaribiwa na mama wa miaka sitini na miwili, na limempendeza.

Lilipoingia madukani niliitangazia ngazi nzima, kuanzia mlango wa chini hadi kwenye paa, kwamba hilo ni la binti yangu. Wakaanza kuniita Mama Injinia. Nilikuwa naitika kabla hawajamaliza.

Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Kiwanda kikaacha kabisa kutengeneza ile chupa ndogo ya lita moja tuliyoizoea, likabaki dumu peke yake. Chini ya sinki haliingii. Ukilisukuma likalala ubavu, mlango wa kabati haufungi na sabuni inavuja. Kishikio chake ni kinene kama mguu wa meza, vidole vyangu havikutani. Ukiliinamisha halitoi kitu, halitoi kitu, halafu linatapika. Ulitaka kifuniko kimoja, umepata nusu beseni, na povu linakufuata hadi sebuleni.

Siku moja Mama Pacha wa ghorofa ya pili akaliweka dumu lake katikati ya ngazi, akapaza sauti, "Mama Injinia! Shuka umchukue mjukuu wako, ananivunja mgongo!" Watu wakacheka milango yote. Nami nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa cha meno tu.

Kilichonimaliza ni bibi wa ghorofa ya tatu, yule mshonaji anayeishi peke yake. Nilimkuta anafua kwa vipande vya sabuni ya kuogea. Dumu lake limejaa pomoni, limefunikwa kitambaa kama mgeni asiyetakiwa. Hawezi kuliinamisha, na haya zinamzuia kugonga mlango wa mtu kila akitaka kufua shuka. Mtu aliyejifulia miaka sabini! Akaniambia polepole, "Usimwambie binti yako, mwanangu. Atajisikia vibaya."

Nilipanda kwangu nikakaa kitako jikoni. Kiwanda ningekilaumu vipi? Aliyelisifu lile dumu ni mimi, na siku ile lilikuwa tupu. Tupu kabisa, mdogo wangu! Halikuwa na hata tone. Nilikuwa nimepofushwa na furaha ya kushika kitu alichokibuni mwanangu, na yeye alipofushwa na furaha ya kuniona nacheza. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria kulijaza maji.

Alipokuja Jumapili iliyofuata sikumpa hata chai. Nilimpeleka dukani, nikamnunulisha dumu lake mwenyewe, nikamwambia alibebe hadi ghorofa ya nne. Akabadilisha mkono mara tano. Nikamwambia aliweke chini ya sinki. Akasukuma, akapiga magoti, akasukuma tena. Mwisho nikamwambia amimine kifuniko kimoja. Sabuni ilimfika kwenye kiwiko.

"Mama, si wewe uliyelibeba kwa mkono mmoja?"

"Nililibeba tupu, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe injinia mbona hukulijaza?"

Tukacheka hadi shemeji yako akazima redio kuja kuangalia. Kisha mwanao akalia. Ni mwanamke wa kwanza katika idara ile, na wapo wanaosubiri akosee mara moja tu wapate la kusema. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Nikamwambia bibi wa chini anajua, na mimi najua. Nikasema nitakwenda mwenyewe kiwandani. Akasema kosa ni lake, ataenda yeye. Tukabishana wee, mwisho tukaenda wote.

Nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea. Mwanao akasimama mbele ya wakubwa zake, akaeleza kosa lake bila kumeza hata neno. Mgongo umenyooka! Meneja akasema dumu ni kwa ajili ya familia kubwa, na kwamba linahitaji mazoea tu. Nikamwambia, "Kufua nimezoea miaka arobaini na mitano, baba. Sabuni yenu ndiyo haijanizoea." Nikaweka dumu lililojaa mezani pamoja na beseni, nikamwomba amimine kifuniko kimoja.

Alitumia mikono miwili, mwanamume mzima. Sabuni ikamwagika mezani, kwenye makaratasi, kwenye tai. Karani wake aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Sasa mwanao amepewa wiki sita alete chupa nyingine, ndogo, yenye kishikio kinachoshikika. Akishindwa, dumu litabaki lilivyo na yeye atahamishiwa stoo. Hatashindwa. Safari hii hapimi kwa furaha ya mama yake. Tumepita mlango kwa mlango tukichora mikono ya watu kwenye karatasi, penseli inazunguka kidole kimoja kimoja. Tunayo kumi na saba. Wa Mama Pacha upo, na alisema mjukuu wa pili akiwa mzito kama wa kwanza atanirudishia kwa kumrusha dirishani. Wa bibi mshonaji upo pia. Vidole vyake vimepinda kama mizizi ya tangawizi, na mwanao ameubandika juu ya meza yake ya kazi.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia karatasi nyeupe na penseli fupi. Weka mkono wako juu yake, mtu mwingine akuchoree, uirudishe upesi. Wiki moja imeshakwenda.

Nisalimie shemeji yangu na kikohozi chake, wanangu wote hapo, na Shangazi, umwambie picha aliyoomba ya mwanao akiwa na kofia ya kiwandani inakuja. Mungu aurudishie mkono wako nguvu zake, na kila utakachoshika kikutii.

Wako akupendaye daima,
dadako mkubwa,
Mama Injinia (bado naitika).

N.B. Usichore wa kushoto. Chora ule uliovunjika. Mikono mizima tunayo ya kutosha.