Kutetea Kabla ya Jua Kuzama

Jumapili, 3 Agosti 2025
Nairobi

Cate amerudi kanisani mchana akiwa hana sauti. Kanisa lao lina taa za rangi, moshi wa kutengenezwa, na mchungaji anayevaa suruali iliyochanika magotini — kwa makusudi! Tunapanga nyumba moja hapa Kahawa, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Ananiambia Roho alishuka. Nikamwambia kwetu Wasabato Roho hushuka kwa utaratibu, baada ya matangazo. Hakucheka.

Si kwamba sisi tuna cha kujivunia. Kanisa letu la hapa jijini ni maegesho ya magari yaliyowekewa kwaya. Mwaka mzima sasa na hakuna anayejua jina langu. Mimi ni "yule dada mwalimu wa Migori". Dada mwenyewe hukaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya mlo wa pamoja, maana hakuna anayemkaribisha sahani.

Habari ya leo hasa: idara imehamisha semina. Mapendekezo yetu ya utafiti tutayatetea Homa Bay, katika hoteli ya kando ya ziwa. Sababu rasmi ni mazingira tulivu ya kitaaluma. Sababu yenyewe ni ngege wa kukaanga na marupurupu ya safari. Nimetoka Migori hadi Nairobi kutafuta shahada ya uzamili, na sasa shahada inarudi jirani na kwetu kula samaki.

Jumanne, 5 Agosti

Ratiba imetoka. Mimi ni Jumamosi tarehe 30, asubuhi. Jumamosi! Siku saba kwa wiki, na wameniwekea hiyo.

Nisipotetea mwezi huu, zamu nyingine ni mwakani. Likizo yangu ya masomo inaisha Desemba. Nitarudi kufundisha hesabu Kidato cha Pili, mikono mitupu, na kila mnunuzi wa ndizi sokoni Migori atamwuliza Mama yule binti wa Nairobi alimaliza au alirudishwa.

Nimeenda kwa Dkt. Onchiri, msimamizi wangu. Ni mzee wa kanisa lile lile la magari, kwa hiyo nilijiambia, angalau kuna Msabato mmoja mwenye usemi idarani. Alifunga mlango. Alitabasamu. Akaniuliza kama nakumbuka ng'ombe wa kwenye Biblia.

"Akitumbukia kisimani siku ya Sabato, Phelesia, unamtoa au unamwacha afe?"

Nikamwuliza ng'ombe hapa ni nani, mimi au idara. Akasema napenda utani. Nikatoka nikiwa na ratiba ile ile.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo aliyehubiri ni nani? Dkt. Onchiri! Na kichwa cha somo: Usilegeze Kamba. Kamba ni Sabato. Alimleta Danieli, akawaleta vijana wa kwenye tanuru, akafuta jasho, akasema afadhali moto. Watu wakasema amina. Amina yangu niliitoa kwa sauti kubwa kuliko zote ili anisikie.

Mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia nisichelewe tarehe 30, jopo halipendi wanaochelewa.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimwandikia mwenyekiti wa jopo, Profesa Monicah, kuomba siku nyingine. Jibu limetoka kwa katibu wake: ombi lako limepokelewa. Maana yake limelala.

Cate ameniambia niende tu, Mungu si karani wa kuhesabu mahudhurio. Kwa mtu wa kanisa la moshi, hilo si neno baya. Nimelibeza hata hivyo.

Lakini humu hakuna anayesoma, kwa hiyo niandike. Nimeshaamua. Nitatetea hiyo Jumamosi. Na kinachoniogopesha si Mungu. Ni uso wa Mama. Kama imani yangu yote ni uso wa Mama, basi Dkt. Onchiri na mimi tunaweza kukaa benchi moja, tofauti ni kwamba yeye hulipwa.

Jumapili, 17 Agosti
Migori

Nimekuja nyumbani kwa makambi, ile mikutano ya mahema ya kila Agosti. Yamefungwa jana. Afadhali ningebaki na Cate na moshi wake.

Mama ndiye kiongozi wa Dorkasi, wale akina mama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa na kukagua nyumba za wasio wagonjwa. Kipindi cha ushuhuda kilipofika alisimama, akarekebisha kitambaa kichwani, akasema kwamba binti yake alipangiwa mtihani siku ya Sabato, akawaambia maprofesa hapana, nao wakanyenyekea wakabadilisha siku.

Hema zima likasema amina! Mama Nyangau akalia. Na yote haya yametokana na simu moja tu, niliyompigia kumwambia kwamba nimeandika kuomba. Kuomba! Hakuna aliyenyenyekea. Hata katibu hakunyenyekea.

Kisha mchungaji akaniita mbele niombewe. Ningeweza kusema ukweli pale pale, kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Nikainamisha kichwa. Wakaniwekea mikono, nami nikasimama pale nikinuka uongo na nyasi zilizokanyagwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimfuata sokoni. Alikuwa anatenga ndizi zilizoiva na mbichi. Nikamwuliza kwa nini alisema uongo mbele ya watu.

"Sikusema uongo," akasema. "Nimeshukuru mapema."

Nikamwuliza, na siku isipobadilishwa? Akasema basi nitakuwa mimi niliyeufanya uongo. Hata hakuinua macho! Nikamwambia waziwazi kwamba nitaenda Jumamosi, atake asitake, na kwamba Dorkasi yake hainisomeshi. Halafu akamwambia mteja kwamba ndizi za Nyamira zimeshuka bei.

Jioni nimesikia kwamba wanafunga kula kwa ajili yangu, yeye na wenzake. Sikuwaomba. Nimekula chapati za watu wawili peke yangu, kwa hasira.

Jumanne, 26 Agosti

Frankline amepiga simu. Ni wa darasa langu, Mkatoliki wa Lambwe, anatafiti mbung'o. Yeye alipangiwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Anasema tubadilishane zamu, yeye Jumamosi hana shughuli. Ameshamtumia Profesa Monicah ujumbe, na Profesa amejibu neno moja: sawa.

Sawa! Mimi niliandika kurasa, nikanukuu katiba. Mwindaji wa mbung'o ametumia kidole gumba.

Nilimwuliza anataka nini. "Uniombee kwa huyo Mungu wako wa Jumamosi, nyar Kisii," akasema, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo chake. "Wangu wa Jumapili ana foleni."

Nikampigia Mama. Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo linalonichoma! Alisema tu, "Si nilikwambia," kisha akasema watakuja Homa Bay, yeye na Dorkasi, wanishike mkono. Nikamwambia asije. Akaniuliza chumba cha semina kiko upande gani.

Alhamisi, 28 Agosti
Homa Bay

Nimefika. Hoteli ina bustani inayoshuka hadi majini, na vyoo ambavyo maji hayajawahi kuvishukia. Nimerudia maelezo yangu mbele ya kioo: hasara ya omena, wale dagaa wa ziwani, msimu wa mvua, ufukwe wa Karungu. Najua kila jedwali. Saa tisa naingia, saa kumi natoka, jua likiwa juu. Hata Mama hatakuwa na la kusema.

Ijumaa, 29 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa jopo. Saa tisa imepita. Saa kumi imepita. Sijaitwa.

Tulipaswa kuanza saa tatu asubuhi. Kwanza mgeni wa heshima alichelewa, na alipofika alitueleza kuhusu mgeni wa heshima. Kisha projekta ikakataa. Kisha Dkt. Onchiri akaombwa afungue kwa sala. Alimwomba Mungu autunze muda wetu, akautumia. Alimwombea kila msomi aliyemkumbuka, na waliosahaulika akawaombea kwa pamoja. Halafu chakula cha mchana. Ngege wametoka ziwani wakiwa hai, nadhani, kwa jinsi walivyokawia.

Mama amefika. Amekuja na wenzake wanne wa Dorkasi, wote kwa sare, wamepangana kwenye viti vya bustani. Mhudumu aliwauliza wanywe nini. Wameagiza maji ya moto. Chai wanaikataa, soda wanaikataa, na sasa mhudumu amesimama pembeni anafikiria atawaandikia bei gani. Mama Nyangau amenipungia mkono dirishani. Nimejifanya nasoma.

Sasa yuko ndani jamaa wa nyuki. Baada yake ni mimi. Wanamhoji juu ya ukubwa wa mizinga, na yeye anajibu kwa mifano.

Baadaye kidogo.

Bado nyuki. Jua linashuka upande wa Mbita. Ziwa limeanza kubadilika rangi. Sabato huingia jua likizama, na hata mtoto wa kwetu huweza kulikadiria kwa macho.

Dkt. Onchiri ametoka kunyoosha miguu. Akaliangalia jua, akaangalia saa yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Ukianza kabla halijazama, kinachohesabiwa ni kule kuanza. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akasema ni suala la tafsiri. Huyu atatafsiri mpaka mbinguni.

Baadaye tena.

Mama amekuja hapa benchini. Alisimama, hakuketi.

"Bado?"

Bado.

Nilitaka aniambie nisiingie. Niandike hivyo hivyo. Nilitaka anikataze, nimkasirikie, nirudi Migori nikiwa na mtu wa kumlaumu mpaka uzeeni. Mwanamke huyu nikiwa mdogo alitulisha githeri baridi kwa sababu jiko lilichelewa kuwaka na jua likatangulia. Alifunga kibanda cha ndizi kila Ijumaa mchana, hata siku za soko zuri, hata mwaka ule baba alipokufa. Nilikuwa tayari kwa hotuba yote.

Akalitazama lile jua. Akanitazama mimi. Akasema polepole, "Omwana one, mwanangu, sisi hatufungui Sabato mpaka utoke."

Nikamwambia jua halimngoji mtu, Mama.

"Lakini wanaoimba ni sisi," akasema. Akarudi bustanini.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na maneno tayari: anaulinda ushuhuda wake, hataki kuaibika mbele ya makambi, ameona ukweli unampita akaamua kuufungia mlango. Na ni kweli, anaulinda. Lakini ameacha kitu ambacho hajawahi kukiacha kwa ajili ya mtu yeyote, hata baba. Kicheko hakikuja. Nina hasira naye.

Mlango umefunguka. Jamaa wa nyuki ametoka amelowa jasho, ananiambia Profesa Monicah ni mkali ila yuko sawa.

Jua limezama. Kabisa. Kumebaki wekundu tu juu ya maji.

Kila Ijumaa ya maisha yangu, saa hii huwa kuna wimbo. Sebuleni kwetu, Mama akianzia juu mno na sisi tukihangaika kumfikia. Hata Nairobi huwa naupiga kwenye simu, chini, Cate asinisikie. Sasa naangalia dirishani. Wako watano. Vitabu vya nyimbo viko mapajani, vimefungwa. Vikombe vya maji vimepoa. Mama amekaza macho ziwani na mdomo ameubana kama mtu anayezuia kikohozi. Hakuna anayeimba. Sijawahi kusikia kimya cha namna hii, na kimefanywa kwa ajili yangu.

Profesa Monicah mwenyewe ametokeza mlangoni. "Phelesia? Karibu, tunakungoja wewe tu." Nyuma yake Dkt. Onchiri anapunga mkono haraka haraka, njoo, njoo, kama anayeswaga ndama.

Nimesema naja. Sijainuka. Najifanya namalizia kuandika jambo muhimu.

Ameniita mara ya pili. Bustanini bado kimya. Lakini kuna mtu ameanza ule wimbo, chinichini, bila maneno, hapa hapa ukumbini. Profesa ananitazama. Nimetazama kushoto, nimetazama kulia. Benchini niko peke yangu —