Kistari Kwenye Fomu ya Kaka Yako

Nyumba za Walimu, mlango wa pili,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 17 Novemba.

Mpendwa wifi,

Salamu kwanza, maana nikianza na yaliyonijaa kifuani utadhani mimi na wewe tumegombana. U hali gani huko? Mgongo je, bado unakusumbua, au ile kazi ya kusimama kutwa nzima umeshawaachia wenye miguu yao? Shemeji na watoto wazima? Uliandika kwamba baridi imeanza. Vaa soksi, usijifanye kijana.

Sisi huku tuzima. Mama yenu hajambo, anakula vizuri. Jicho la kushoto limekuwa zito kidogo, ila la kulia linaona mpaka yasiyotakiwa kuonwa. Kitindamimba wetu amemaliza mitihani, sasa analala hadi saa nne asubuhi kama mtu aliyerudi vitani. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Roho ndiyo inayowaka, na usiponisikiliza wewe sijui nitamwambia nani.

Kaka yako atakuandikia kwamba sherehe ilikuwa nzuri. Namjua mume wangu. Ndiyo maana nimeamua nimuwahi.

Unajua anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Miaka thelathini na mmoja, yote darasa la kwanza. Na unajua kwamba kila mwaka wilaya ina siku yake ya kuwapongeza wanafunzi na wafanyakazi wa shule za serikali, na kwamba katika miaka yote hiyo hajaitwa jukwaani hata kwa bahati mbaya. Wanaoitwa ni walimu wa madarasa ya mitihani. Wao wana ufaulu wa kuonyesha, wana asilimia, wana chati ukutani. Aliyemfundisha mtoto kushika penseli ataonyesha nini?

Mwaka huu mwalimu mkuu aliona haya, akampendekeza kaka yako awe Mwalimu Bora wa shule yetu. Utaratibu ni kwamba kila shule inapeleka majina mawili, la mwalimu mmoja na la mtumishi mmoja asiye mwalimu, kila jina na fomu yake. Wote wawili huitwa mbele, hupewa cheti na ngao, na majina yao huchapwa kwenye kitabu cha pongezi kinachosambazwa shule zote. Upande wa watumishi shule ilimpeleka mpishi, yule mama mnene mcheshi tunayemwita Mama Mwiko. Ana miaka kumi na tisa pale jikoni na hajawahi kuwalaza watoto njaa hata siku moja. Kwa hiyo nikasema haki imetendeka, mcheza kwao hutunzwa. Nilisema mapema mno.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya tarehe nane. Kaka yako alinyoa ndevu mara mbili. Koti nililipiga pasi mimi, na suruali pia, mpaka ile mistari ingeweza kukata mkate. Tukaingia ukumbini saa tatu kamili kama barua ilivyosema. Mgeni rasmi alifika saa tano, kisha akatuhutubia kuhusu kuheshimu muda kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Viti vya plastiki, feni moja, na kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa kuliko wazee waliokaa mstari wa mbele.

Sitakuwa mchoyo, sehemu ya wanafunzi ilinifurahisha. Kuna msichana wa shule yetu alishinda tuzo ya sayansi ya wilaya nzima. Alitengeneza kipimo cha mvua kwa chupa tupu na akaandika kiwango chake kila siku mwaka mzima bila kuruka siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kaka yako akaninong'oneza kwamba huyo mtoto alipokuwa kwake, herufi ya S aliigeuza nyuma mbele mpaka mwezi wa tano. Alimpigia makofi hadi saa ikamfunguka mkononi.

Halafu wakaja wafanyakazi. Walianza na walimu, shule moja baada ya nyingine. Walipofika kwetu, mshereheshaji akasoma kwamba shule yetu haikuleta jina la mwalimu, akapita. Nilimtazama kaka yako, kaka yako akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Nikajiambia labda wameruka ukurasa.

Hawakuruka. Waliingia kwa Watumishi Bora Wasio Walimu. Lilipotajwa jina la shule yetu, Mama Mwiko akasimama na kuweka kilemba chake sawa. Alikuwa ameshapiga hatua moja. Ndipo likasomwa jina la kaka yako.

Wifi, nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mwiko alirudi kukaa polepole, akajifanya alisimama kunyoosha miguu. Nami nikangoja mume wangu aseme kitu. Nilidhani atashika kile kipaza sauti cha kikohozi awaambie jamani, mimi ni mwalimu. Thubutu. Alipanda, akapewa mkono, na mgeni rasmi akamshukuru kwa kutunza mazingira ya shule. Kaka yako akajibu, "Asante sana, mheshimiwa." Miaka thelathini na mmoja ya a-e-i-o-u, leo anashukuriwa kwa kufagia uwanja, naye anaitikia.

Aliposhuka hakurudi kwangu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mstari wa Mama Mwiko, akamwekea ile ngao mapajani. Ngao haina jina la mtu, imeandikwa shule na tuzo tu. Watu wakapiga makofi wakidhani ni uungwana. Mama Mwiko alilia, na mimi nikalia, lakini vilio vyetu havikuwa vya jambo moja.

Tulipofika nyumbani mama yenu akamuuliza amepewa nini. Akasema amepewa mkono na mgeni rasmi. Akaenda kubadilisha nguo, akakaa kusahihisha madaftari.

Mimi nisingeweza kunyamaza, na wewe unanijua. Jumatatu nilikwenda ofisi ya elimu. Afisa hayupo. Jumanne nikarudi, afisa yupo lakini yuko kikaoni, na karani wake ananiambia njoo kesho bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Jumatano nilikwenda na kitambaa changu cha kufuma, nikakaa mlangoni. Nikamwambia karani leo sina haraka, nina donge zima la uzi. Saa sita wakanifungulia.

Afisa mwenyewe si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. Alitoa faili, akanieleza kwa upole. Fomu ya mwalimu na ya mtumishi ni ile ile moja. Kinachowatenganisha ni kisanduku kimoja tu: "Somo unalofundisha, kama ni mwalimu." Kisanduku kikiwa hakina somo, fomu inawekwa kwa watumishi. Kwa hiyo shule yetu ilionekana imeleta watumishi wawili bila mwalimu hata mmoja. Wakachukua mwenye miaka mingi kazini, wakamweka Mama Mwiko kando, wakaagiza ngao moja. Akanigeuzia fomu nijionee. Kwenye kile kisanduku palikuwa na kistari.

Wifi, kistari kile nilikichora mimi.

Kaka yako alikuwa na madaftari arobaini na nane mezani, na mwalimu mkuu alitaka fomu asubuhi yake. Nikamwambia lete hapa, utaichelewesha na hii kama unavyochelewesha kila kitu. Nikajaza jina, shule, miaka. Kufika kwenye somo, nikafikiri: huyu somo lake ni lipi? Anafundisha kusoma, kuandika, kuhesabu, kuimba, kupenga kamasi. Kisanduku chenyewe kidogo kama ukucha. Nikapiga kistari, nikasema wenyewe wataelewa. Mwalimu mkuu naye akagonga muhuri bila kusoma. Lakini siwezi kujificha nyuma ya muhuri wa mtu. Nilitoka ofisini na kitambaa changu mkononi, na nyumbani nikaketi kufuma. Usiku huo nilifuma na kufumua mstari ule ule, mpaka mama yenu akauliza kama naumwa.

Alhamisi wakamwita kaka yako, nami nikafuatana naye. Afisa akasema kosa linaweza kurekebishwa kabla kitabu hakijaenda kuchapwa, ila shule yetu imeshafungwa kwa mshindi mmoja na ngao moja, na hilo hawezi kulifungua. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama kaka yako aandikwe Mwalimu Bora, na ngao irudishwe ikabadilishwe maandishi, na Mama Mwiko abaki bila kitu. Au asaini karatasi kwamba yeye, mtumishi asiye mwalimu, amemwachia mwenzake nafasi yake, Mama Mwiko abaki na ngao, na kitabu kimwandike kaka yako hivyo hivyo. Kusubiri mwakani haiwezekani, maana tuzo ni ya walio kazini, na kaka yako mwakani hayupo kazini.

Nitakwambia ukweli hata kama utaniona sina utu. Nilitaka aichukue. Mama Mwiko nampenda, amenipikia kwenye misiba miwili, lakini yeye ana mwakani na mwaka wa keshokutwa. Mume wangu hana. Nilimkanyaga mguu chini ya meza mpaka nikahisi vidole vyake.

Afisa akaweka kidole kwenye kile kistari, akauliza ni nani aliyejaza fomu. Kaka yako akajibu kabla sijafungua mdomo. "Nilijaza mwenyewe," akasema, "ni uzembe wangu." Kisha akaomba kalamu. Alisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari, kama anavyowafundisha watoto wake wasome, na penye neno "asiye mwalimu" akatua kidogo. Akasaini. Mama Mwiko sasa ngao yake iko jikoni, juu ya rafu ya vikombe, na hajui bei yake.

Njiani nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tumepita duka la vifaa vya shule, nikamshika mkono wa koti, nikamwambia kistari kile ni changu. Akasema, "Najua. Mimi kistari napiga kwa rula." Akaendelea kutembea, akaniuliza kama nyumbani kuna sukari.

Sasa niambie wifi, nifanye nini na mtu kama huyu? Angenigombeza ningepumua. Angevunja hata sahani moja tungefagia pamoja yakaisha. Mtu akishakusamehe kabla hujaomba, hasira zako unazipeleka wapi? Nimemkasirikia afisa, nimemkasirikia karani, mwalimu mkuu sijamsalimia tangu siku ile, na kila nikimaliza kuwakasirikia wote najikuta nimebaki mimi na ile kalamu. Nampenda kaka yako na upole wake umenichosha. Yote mawili ni kweli.

Wiki hii yote anachelewa kurudi. Katika wale arobaini na wanane, wawili bado hawajaweza kusoma, na zimebaki siku kumi na tatu. Anabaki nao darasani wenzake wakishaondoka. Nilimwambia amwachie mwalimu ajaye, kwani nani atamuuliza sasa, na kwa kitabu gani. Akasema mmoja ameshaanza kuunganisha silabi. Jana, Jumamosi, walikuja hapa nyumbani wote wawili, wakakaa kwenye mkeka na yeye katikati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie maneno, nikaufunga, nikawaletea maji.

Mwandikie, wifi. Pole usimpe, zitamkera tu. Muulize habari za hao wawili, atakujibu kurasa nne.

Mama yenu anakusalimu sana, anasema picha za watoto zije kubwa, hizi ndogo ni za kitambulisho. Kitindamimba anakusalimu akiwa kitandani. Binti yetu nesi atakupigia akifika hapa wiki ijayo. Msalimie shemeji, na umwambie mzaha wake wa mara ya mwisho sijausahau. Wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko, awape afya na kazi isiyovunja mgongo, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuchosha,

Mke wa Mwalimu.