Boti ya Mama Neema Imesimama

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua. Ng'ombe bado hajanizoea, amepiga teke ndoo, maziwa nusu yamekwenda. Baridi kali, mlima umejifunika tangu asubuhi. Kahawa imeiva upande wa mfereji na mchumaji ni mimi peke yangu. Nimekunywa chai bila tangawizi kwa sababu sijui Mama Neema alikoiweka.

Mke wangu yuko baharini. Naandika hivyo nione kama itanikaa kichwani. Haikai. Amewapikia Mzee Pieter na mkewe pale Usa River miaka mingi. Wazee wamestaafu, wamenunua boti, wakamwomba aende akawapikie wakizunguka visiwa huko mbali, miezi mitatu. Nilikubali. Nilidhani yeye ndiye atakataa.

Ujumbe wa leo: "Tuko kwenye kisiwa kisicho na mtu hata mmoja. Ndege tu, na mchanga mweupe kama unga wa sembe. Nimepika samaki mwenye rangi za kitenge." Nimesoma mara nyingi. Hajauliza habari ya ng'ombe.

Jumatano, 6 Agosti
Gulio la Tengeru. Nimeuza mikungu yote ya ndizi. Wanaume wa pale wana jipya: siku hizi salamu yangu ni "Kapteni hajambo?" Nacheka nao. Moyoni sicheki.

Nikapitia Levolosi, mjini, kwa binti yetu, Neema. Ameniwekea ramani kwenye simu. Kidoti chekundu ndiyo boti ya mama yake. Kikisogea, wanasogea. Nimekikagua njia nzima hadi nyumbani Akheri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Sikwenda kwenye maonyesho.

Amenitumia picha. Yumo majini hadi shingoni, anacheka, meno yote nje. "Nimejua kuogelea." Mwanamke aliyekuwa akivuka mto wetu kwa kunishika mkono. Nilipaswa kufurahi. Nimekasirika, na hasira yenyewe sijui naielekeza kwa nani. Sijamjibu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kidoti kimesimama. Tangu asubuhi hakijasogea hata kidogo, na pale kiliposimama hakuna kisiwa, ni bluu tupu pande zote. Nimemwandikia. Tiki moja. Nimemwandikia tena. Tiki moja.

Neema anasema ni mtandao tu, baba, tulia. Sauti yake haikuwa imetulia.

Sikuijibu ile picha. Naogopa.

Jumapili, 10 Agosti
Bado kimesimama.

Nilimwambia jirani yetu, Mama Anna, yeye tu, aniombee kimyakimya. Kabla ya sadaka mwinjilisti akasimama akatangaza: tumwombee dada yetu aliyepotea baharini. Sikusema amepotea. Nilisema kidoti kimesimama. Kanisa zima likageuka kunitazama, na wanawake wa mbele wakaanza kujifuta macho kwa ncha za vitenge.

Mdomo uliponza kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Wamekuja.

Kwanza Mama Anna na mzigo wa kuni. Kisha wanawake wa jumuiya na masufuria, maziwa, mahindi ya loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Saa nne mtu kaleta viti. Saa sita mtu kaleta turubai, sijui nani kamtuma. Nikasema jamani, hakuna msiba hapa. Wakanijibu kwa upole, "Pole, Baba Neema, kaa chini." Kila nilichosema nilijibiwa pole.

Mzee mmoja wa ukoo akanivuta pembeni. Anataka kujua, kama mwili usipopatikana, tutafanyaje kuhusu kaburi. Nikamwambia mke wangu yu hai. Akatikisa kichwa: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nusura nimpige, mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile ile.

Kibaya zaidi, jioni nilijikuta nimekaa chini kama walivyoniambia. Nimeanza kuwaamini. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 12 Agosti
Yu hai. Yu hai. Mungu ashukuriwe, yu hai.

Simu iliita mchana, namba ndefu nisiyoijua. Neema, aliyekuja tangu jana, akaipokea, akaweka spika. Waliokuwa wakimenya ndizi nje walisogea dirishani.

"Baba Neema, unanisikia?"

Mtambo wao wa mawasiliano uliharibika njiani, kidoti kikabaki pale ulipozimikia. Wao waliendelea salama, wakatia nanga kwenye kisiwa kingine. Leo imepita boti ya watu wengine, wakamwazima simu.

"Mbona nasikia watu wengi?"

"Jumuiya," nikasema. Si uongo.

Ndipo akasema. Mzee Pieter anataka waendelee na visiwa vya mbele, mpaka Krismasi. "Mimi nataka kwenda, Baba Neema. Wewe unasemaje?"

Macho yote kwangu. Mama Anna akitikisa kichwa kwamba hapana. Mzee wa ukoo ameshika fimbo yake, anangoja aone kama mimi ni mwanaume.

"Rudi."

Kisha: "Sawa, Baba Neema."

Vigelegele. Mbuzi aliyeletwa kwa ajili ya kumlilia akachinjwa kwa kumshangilia. Wamekula, wameimba, wameondoka na turubai lao. Mimi nyama sikuigusa.

Alhamisi, 14 Agosti
Mtambo umetengenezwa. Ujumbe mfupi: watamshusha kwenye kisiwa kikubwa, Mzee Pieter anamkatia tiketi. Atatua uwanja wa ndege wa KIA wiki ijayo. Hakutaja samaki wala rangi ya maji.

Nimepata nilichotaka. Basi mbona roho iko juu vilevile?

Leo nikichuma kahawa limenijia jambo. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akiniambia "nataka". Husema "ingefaa", husema "unaonaje". Juzi amesema "nataka" mbele ya kijiji kizima bila kujua, na mimi nikajibu kwa mdomo wa wale waliokaa sebuleni. Bahari sikuwa naiogopa sana. Nilikuwa naogopa kwamba kule anacheka vile, na huku hajawahi.

Jumapili, 17 Agosti
Sikwenda ibada ya kwanza. Nimekaa kibarazani na simu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika.

"Mama Neema, Jumanne niliwajibu watu. Leo nakujibu wewe. Mwambie Mzee Pieter aache tiketi. Endelea mpaka Krismasi. Naogopa, lakini endelea."

Nikatuma kabla sijabadili mawazo. Kisha nikakamua, nikakata majani, nikafagia pale turubai liliposimamishwa.

Jawabu limekuja jioni. "Asante, mume wangu. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Nimemjibu nimekula, kisha nikaenda jikoni kuwasha moto.