Mzee Asiyepata Mafua

Ak-Jar, Naryn, 9 Novemba 2003

Mwanangu Ernis,

Salamu nyingi. Hujambo huko mjini Bishkek, na mkeo hajambo? Mimi mzima, ila mafua yamenikamata tangu Jumapili iliyopita. Vidonge vyako vya vitamini nameza viwili kila asubuhi kama ulivyoniagiza. Mkojo umekuwa wa njano kama siagi. Nadhani ndiko vinakoishia.

Jana jirani yetu Jyparkul karudi toka sokoni na tangazo la duka lako la vitamini. Pichani mimi huyo, na kofia yangu ya sufu, nacheka na meno matatu. Chini umeandika: "Miaka mitatu bila mafua!" Kanisomea huku napenga kamasi. Tumecheka mpaka kamwaga chai. Lakini si ungeniuliza kwanza?

Njoo kabla theluji haijafunga njia.

Baba yako

Bishkek, 20 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Hilo tangazo ndilo linalotulisha. Watu wa huko wananunua kwa sababu wanakujua. Kwa hiyo nakuomba, usionekane ukipenga kamasi. Sokoni mtume Jyparkul. Ukikohoa, koholea ndani. Dereva Kubat anakuletea makopo mawili. Meza vinne kwa siku. Kuja siwezi, majira ya mafua ndiyo majira yetu ya biashara.

Mwanao

Ak-Jar, 6 Desemba

Mwanangu,

U mzima? Mkeo je? Mimi si mzima. Mafua yameshuka kifuani, nikivuta pumzi ubavu unachoma. Hivyo vinne nameza, na sasa naharisha juu ya hayo.

Jyparkul kaniambia, "Mzee, panda farasi wangu twende zahanati." Nikamwambia ngoja kwanza nimuulize mwanangu. Akasema, "Huyo uliyemfuta kamasi, leo unamwomba ruhusa ya kuugua?" Nikamfukuza. Sikupenda akuseme vibaya.

Basi niambie, niende?

Baba yako

Bishkek, 15 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tunakuombea afya. Zahanati hapana. Foleni nzima pale ni wateja wangu. Wakikuona umejikunja unakohoa, nimekwisha. Ongeza viwe sita. Ni mafua tu, baba, usijidekeze. Mwambie Jyparkul unakwenda kwa shangazi kule Kochkor, kisha jifungie upumzike mpaka upone.

Mwanao

Ak-Jar, 22 Desemba

Mwanangu,

U mzima? Nimefanya ulivyosema. Jyparkul kanipa mkate wa njiani, kanibusu mkono. Nikazunguka nyuma ya zizi nikarudi ndani. Barua hii Kubat ataikuta chini ya jiwe mlangoni. Moto siwashi, moshi utanisema. Nimejifunika mazulia yote mawili. Usiwe na wasiwasi, hakuna aliyeniona.

Baba yako

Bishkek, 19 Januari 2004

Baba,

Shikamoo. U mzima?

Kubat amerudi na makopo niliyompa akuletee. Anasema alibisha mlango, hakuna aliyeitika, na Jyparkul akamwambia uko Kochkor. Nikampigia shangazi. Hajakuona tangu kiangazi.

Njia ya mlimani imefungwa siku ya nne, na simu za huko zimekatika. Barua hii namkabidhi mtu wa gari la kuondoa theluji, pamoja na nyingine kwa Jyparkul, nikimwomba avunje mlango.

Baba, nenda zahanati. Nenda mchana, pita katikati ya soko, kohoa kila mtu akusikie. Nimekuruhusu.

Mwanao