Mama Koku Hayuko Stesheni

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini, baba yangu, ndivyo ulivyonilea: mkubwa anasalimiwa hata kama umemkasirikia. Na mimi nimekukasirikia, Tata. Nimekukasirikia tangu siku tuliyokufukia, na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi, kwa hiyo nimekaa humu kwenye banda lako la video, benchi la mbele, nakuandikia.

Kwanza habari za nyumbani. Kaburi lako limetitia. Mvua za hapa Nyaishozi unazijua, zilikuja kwa pupa, udongo ukashuka, baba mdogo na vijana wakaongeza mwingine. Uko pale pale ulipopataka, kibanjani, kwenye migomba yetu, ubavuni kwa Mama, na ule mgomba uliokuwa karibu naye ilibidi ukatwe upate nafasi. Kibanja anakisimamia baba mdogo. Hilo tuliache, sikuja kusemelea watu. Kahawa imeiva na wachumaji ni wa kubembeleza. Mbwa wako Askari analala mlangoni pa banda na harudi nyumbani hata akiitwa kula. Mimi niliyekuwa nawacheka watu wanaolilia mbwa, sasa nikimwona namwaga machozi kama mtoto.

Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa, wakatoa vitu vyako. Panga, jembe, koti la mvua, kofia yako ya ibada. Kila kimoja kikapata mwenyewe. Halafu Ta Felisiani, rafiki yako mfuga ng'ombe, akaingiza mkono mfukoni akaweka mezani kile kipaza sauti chako chenye shingo iliyofungwa utepe mweusi. Akasema, "Asimwe, hiki chako. Mtu akifa ameacha ukuta umefika dirishani, mwanawe anaumalizia. Baba yako alituachia Lori la Ndizi njiani. Utumalizie." Watu wakaitikia, "Ndiyo, waitu." Nilidhani wananitania. Nikamtazama Ma Yustina, yule muuza maandazi wa mlangoni kwako, nikitegemea yeye atacheka. Hakucheka.

Lori la Ndizi! Wazungu waliipa tamthilia ile jina lao refu, wewe ukalitupa siku ya kwanza. Ukasema chombo kirefu, kichafu, kimejaza watu waliojificha nyuma, hilo ni lori la ndizi hata kama linapita kwenye nyota. Na wote waliokuwamo ukawabatiza. Nahodha Byabato aliyeasi jeshi. Kishoju, mwizi wa vipuri. Lile jitu la magamba lililoogopa giza, ukaliita Ngunda. Na mpishi mzee aliyetoroka gerezani na mwiko wake mkononi, Mama Koku. Wakimbizi watupu, hakuna sayari iliyowataka. Kila wakiomba kutua wanaulizwa kibali. Ta Felisiani, aliyewahi kuswagwa yeye pamoja na ng'ombe wake kutoka malisho haya hadi yale, alikuwa anapiga benchi ngumi: "Waambie wasiombe! Anayeomba ndiye anayefukuzwa!"

Ulikuwa unapunguza sauti ya kizungu, unasimama kando ya televisheni, unatafsiri papo hapo, na sauti za wote unazitoa wewe. Ya Mama Koku uliiiba kwa Mama. Mama anakaa pale mlangoni anapokea viingilio, anajisikia mwenyewe akitokea angani akimfokea Byabato: "Kula kwanza, kufa kuna wakati wake!" Banda linavunjika mbavu, na Mama anajifunika uso kwa khanga anacheka. Vijana walisema steringi ni Byabato. Wewe ukawakatalia. Ukasema steringi ni Mama Koku, na steringi hafi.

Halafu Mama akafa, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka watu wamejaa uani, wanakupa mkono mmoja baada ya mwingine, pole, pole, pole sana. Mimi hakuna aliyenipa. Kwetu mkono wa pole wanapewa wakubwa. Mtoto anapewa uji, anaambiwa nenda kacheze na wenzako. Nikaenda nikacheza. Niliruka kamba, Tata, nikiwa nimevaa gauni la msibani.

Matanga yakaisha, ukafungua banda, na sehemu iliyokuwa zamu yake ikawa ile. Mama Koku anapigwa risasi. Wanamtia kwenye sanduku la chuma, mlango wa chombo unafunguka, sanduku linatoka taratibu linaingia gizani. Byabato analia. Mimi nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa. Nikageuka nikakutazama, na wewe ulikuwa umekishusha kipaza sauti. Ndipo ukaleta kipaza sauti mdomoni ukasema, "Msilie. Wanamtuma Mama Koku stesheni. Kule kuna madaktari wa maana. Atatengenezwa, atarudi."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Tena nikafanya hesabu zangu za kitoto: Mama naye nilimwona akitiwa kwenye sanduku. Basi na yeye yuko stesheni. Nikawangoja wote wawili.

Na wewe ukaendelea. Wakikaa kula mle ndani ya Lori, wewe unasema Mama Koku ametuma salamu. Byabato akiongea na redio, anaongea naye. Siku moja ukasema, "Mama Koku anauliza kama Asimwe anakunywa uji," na banda zima likajibu kwa sauti moja, "Anakunywa!" Nilitembea kwa maringo wiki nzima. Ikafika zamu ya sizoni ya mwisho, ukasema diski yake haijafika. Tukakuuliza na kukuuliza, haijafika. Mpira ukaingia, vijana wakawa wanakuja kwa ajili ya ligi, na Lori la Ndizi likabaki huko huko angani. Ya Mama niliyaelewa mwenyewe kidogo kidogo, bila mtu kunikalisha chini. Ya Mama Koku sikuyagusa tena.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye kidonda.

Ulipoanza kuvimba tumbo nilikuwa kwangu Kyerwa, kwenye cherehani, nashona sare za shule. Nikasikia umelazwa Nyakahanga. Nikapiga simu. Ukapokea kwa sauti yako ya bandani, ile nzito, ukaniambia, "Niko stesheni, natengenezwa. Endelea na safari, mwanangu." Nikacheka! Tata, nilicheka. Nikakuambia wasisahau kukubadilisha oili, nikakata simu, nikarudi kwenye sare za watu. Bodaboda iliponishusha pale hospitali, nesi alikuwa amekwisha kukufunika. Akaniuliza mimi ni nani wako.

Neno moja tu. "Naumwa." Kuna ubaya gani mtu kumwambia mwanawe naumwa, njoo? Ningekuja kwa miguu. Ningekunywesha hata maji kwa kijiko. Ulininyima hayo kwa utani, na mimi nikaupokea utani kwa mikono miwili kwa sababu ndiyo lugha uliyonifundisha.

Ndiyo hasira yangu hiyo. Nimeisema.

Basi nikakubali kuwamalizia wazee wako. Ile sizoni ya mwisho niliikuta kabatini, juu kabisa, wala hukuificha. Nikaona kabla ya kuionyesha nianze mwanzo, nizikumbuke sauti zako. Nikajifungia humu mchana, peke yangu, nikafungulia sauti yote ya kizungu. Kizungu changu cha kidato cha nne kinatosha kwa hayo. Nikafika kwenye sehemu ile. Daktari wao alisema amekufa. Hakusema kingine. Byabato akasoma sala. Lile sanduku halikuwa na dirisha, halikuwa na taa, halikuwa na injini ya kwenda mahali. Lilikuwa jeneza, na mtu mzima yeyote mwenye macho angeliona hivyo.

Nikatoka hadi kwa Ma Yustina nikihema. Nikamuuliza, "Mlijua?" Aliendelea kugeuza maandazi yake. "Banda zima tulijua, mwanangu. Siku chache nyuma tulikuwa tumetoka kumzika mama yako. Tukakuona umegeuka pale mbele, unamtazama baba yako mdomoni. Nani angethubutu kusema?" Nikamuuliza, na sizoni ya mwisho? "Mama Koku harudi humo," akasema. "Sasa angeionyesha vipi, na wewe bado unaulizia?" Nikasema lakini nilihamia Kyerwa, angewaonyesha nikiwa sipo. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Alisema tukusubiri. Tukasubiri."

Watu wale, Tata! Watu wanaopigana viti kwa ajili ya penalti. Wamefunga midomo kwa ajili ya mtoto mmoja mpaka mtoto amekuwa mama mtu mzima. Sikujua nishukuru au nilie. Nilifanya vyote viwili pale pale kando ya karai la mafuta. Lakini hasira haikuondoka. Stesheni ile ile iliyonifariji ndiyo iliyokuchukua nikiwa nacheka kwenye simu.

Jumapili iliyopita, watu walipotoka ibadani, nilifungua. Walijaa mpaka wengine wakasimama. Wazee wako wa benchi la kati wote walikuja, isipokuwa wale waliokutangulia. Kishoju akatokea, nikamtolea sauti yake ya puani, wakacheka. Nikamtoa na Ngunda. Mzee mmoja akasema, "Huyu ni baba yake mtupu." Hapo nilitaka kukimbia, nikajikaza.

Mwishoni kabisa Lori la Ndizi linafika kwenye sayari ndogo ya matope, mvua inanyesha, na mtu wa pale hawaulizi kibali. Anawaambia shukeni. Wanashuka, wanakanyaga udongo, Ngunda anaupaka usoni. Halafu Byabato anaingiza mkono kwenye koti lake kuukuu, anatoa mwiko wa Mama Koku, anauchomeka ardhini. Wote wanasimama kuuzunguka na kofia mikononi.

Nikaona watu bandani hawatazami televisheni. Wananitazama mimi.

Na uongo ninao, Tata! Umekaa tayari mdomoni, kwa sauti yako: "Wanampandia alama, akitoka stesheni apaone." Ungekuwa mtamu. Wangepiga makofi, tungerudi nyumbani kila mtu na amani yake. Walinikubalia tangu zamani, wangenikubalia tena. Nikaleta kipaza sauti mdomoni.

Nikasema, "Mama Koku alikufa. Alikufa siku ile ile. Hili ni kaburi lake." Nikasema, "Na Mama alikufa. Na Tata amekufa." Nikakiweka kipaza sauti chini.

Picha ziliendelea zenyewe bila sauti. Ta Felisiani akainuka. Akavua kofia, akapita katikati ya mabenchi kwa ile fimbo yake, akaja mbele, akanipa mkono, ule wa mikono miwili anaopewa mtu mzima aliyefiwa. Nilidhani ni pole ya msiba wako, na hizo nilizipokea nyingi siku za matanga. Nikaanza kusema asante. Akanikatiza. "Pole kwa mama yako, Asimwe," akasema. "Tumechelewa."

Nyuma yake alikuwa Ma Yustina na unga mikononi. "Pole kwa mama yako." Nyuma yake mwingine, na mwingine, benchi baada ya benchi, foleni ikafika mlangoni hadi kwa Askari. Vijana ambao hata hawakuzaliwa Mama anakufa, nao wakapanga mstari. Nililia, wakaniletea benchi, nikapokea mikono nimekaa. Mwisho wa Lori la Ndizi hakuna aliyeuona.

Kumbe zile pole zote ulizopewa uani siku ile ulibeba na zangu, Tata. Naona zilikuwa nzito. Nadhani ndiyo maana ulisema stesheni, hukuwa na mkono wa tatu wa kunishika. Hasira bado ninayo, sitakudanganya. Lakini leo nimeweza kukaa nayo benchi moja.

Nakuahidi haya. Banda sitalifunga. Kila Jumapili nitafungua, na Askari nitamlisha hapa hapa mlangoni mpaka achoke mwenyewe. Mtu akifa humu kwenye televisheni nitasema amekufa, hata awe steringi, hata benchi la mbele akae mtoto aliyetoka kuzika jana. Ila nitaweka kipaza sauti chini, nishuke, nimpe huyo mtoto mkono wa pole, kwa mikono miwili. Na siku nikiugua nitasema naumwa.

Kesho nitaongeza udongo kwako, umeanza kutitia tena upande wa miguu. Lala sasa, Tata. Msalimie Mama. Mwambie nimekula.

Mwanao,
Asimwe